Mikondo ya Uzamili wa Uuguzi Marekani, na Mipaka Inayokuja na Kila Mmoja

Muuguzi aliyesomea Kenya au Tanzania amezoea kazi pana. Kwenye zahanati ya kijijini, nesi huyo huyo anazalisha, anashona kidonda, anachanja watoto, anatoa dawa za malaria na kumpokea mgonjwa wa akili aliyeletwa na ndugu zake. Stashahada ya KRCHN ya Kenya imepangwa hivyo makusudi: uuguzi wa jumla, ukunga, afya ya jamii na afya ya akili ndani ya mtaala mmoja. Akihamia Marekani, akafaulu mtihani wa leseni ya uuguzi, NCLEX-RN, na kufanya kazi miaka miwili mitatu, wazo la uzamili linapoingia anakutana na msitu wa herufi: FNP, AGACNP, PMHNP, WHNP, CNM, CRNA, CNS. Wengi huulizana kazini ni ipi inayolipa, kisha wanajiandikisha.

Kuuliza mshahara si kosa. Lakini kabla ya mshahara kuna jambo zito zaidi, nalo ndilo linalowaumiza watu baadaye: kila kundi la herufi hizo ni uzio wa kisheria. Ndilo linaloamua umri wa mgonjwa utakayemtibu, hali yake ya ugonjwa, mtihani utakaoruhusiwa kuufanya na leseni utakayopewa na bodi ya uuguzi ya jimbo. Uzoefu wa kazi hausogezi uzio huo. Uliyehudumia watoto wodini miaka kumi ukiwa RN, yaani muuguzi aliyesajiliwa, kisha ukasoma mkondo wa watu wazima, mtoto wa miaka sita huruhusiwi kumtibu.

Digrii ni kitu kimoja, leseni ni kingine

MSN ni shahada ya uzamili ya uuguzi, basi. Ndani yake kuna makundi mawili yanayochanganywa kila siku. Kundi la kwanza ni mikondo ya ualimu wa uuguzi, uongozi wa huduma, mifumo ya taarifa za afya na mingine ya namna hiyo. Ukimaliza unabaki RN mwenye elimu ya juu. Unaweza kufundisha chuoni au kuendesha idara, lakini huandiki dawa. Hii ni mikondo ya heshima, na vyuo vya uuguzi vinahitaji sana walimu. Tatizo ni mtu kuingia humo akiamini kwamba MSN yoyote itamfanya NP, yaani muuguzi anayepima, anayetambua ugonjwa na kuandika dawa. Anagundua mwaka wa pili, mkopo umeshachukuliwa.

Kundi la pili ni la wauguzi wa ngazi ya juu wanaotibu, wanaoitwa kwa pamoja APRN. Mpangilio wao unatokana na makubaliano ya kitaifa ya mwaka 2008, yaliyogawa kazi hii katika majukumu manne: NP, CNS, ambaye ni muuguzi bingwa wa kliniki, CNM, mkunga, na CRNA, muuguzi wa dawa za usingizi. Juu ya jukumu unaongezewa kundi la wagonjwa. Makundi yako sita: familia na umri wote, watu wazima na wazee, watoto, watoto wachanga, afya ya wanawake, na afya ya akili. Kwa hiyo jina la mkondo lisome kwa vipande viwili. FNP ni jukumu la NP kwa kundi la familia. PMHNP ni jukumu lile lile la NP, ila kwa afya ya akili.

Mfumo mzima unasimama kwa mnyororo wa pete nne: ithibati ya programu, masomo yenyewe, mtihani wa cheti cha taifa, na leseni ya jimbo. Pete zote lazima zitaje jukumu moja na kundi moja la wagonjwa. Pete moja ikisema kitu tofauti, mnyororo umekatika. Ndiyo maana kabla ya kitu kingine chochote unapaswa kuangalia kama mkondo unaoutaka una mtihani wa taifa ulio wazi. Baada ya 2008, mikondo ya watu wazima na ya wazee ilipounganishwa, mitihani ya zamani ya kila upande ilifungwa. Waliokuwa wameshapata vyeti waliruhusiwa kuvihuisha, ila mlango wa kuingia upya haupo. Shule ikikuuzia mkondo usio na mtihani, imekuuzia karatasi.

Hapa pia ndipo lilipo jibu kwa muuguzi mwenye uzamili wa Nairobi au Dar es Salaam anayeuliza kwa nini hakubaliwi moja kwa moja. Hakuna anayeidharau elimu yake. Chombo kinachotoa mtihani kinadai programu yenye ithibati inayotambulika Marekani, yaani CCNE, ACEN au CNEA kwa mikondo ya NP, pamoja na uthibitisho wa saa za kliniki zilizofanywa katika jukumu hilo hilo na kundi hilo hilo. Uzamili wa kwao hauna pete hizo. Unaweza kumsaidia kupata nafasi ya masomo, pengine na kupunguziwa baadhi ya masomo, lakini leseni ya APRN hauwezi kuizaa.

Masomo matatu ambayo hayana njia ya mkato

Kila mkondo wa APRN umejengwa juu ya masomo matatu ya ngazi ya juu: pathofisiolojia, yaani jinsi ugonjwa unavyovuruga kazi za mwili, uchunguzi wa mwili, na famakolojia, yaani elimu ya dawa. Kila moja lazima lionekane kwenye transkripti, hati ya masomo na alama, kama somo kamili linalojitegemea. Pathofisiolojia iguse umri wote, famakolojia iguse makundi yote makuu ya dawa, na uchunguzi uguse mifumo yote ya mwili. Shule iliyochanganya pathofisiolojia na famakolojia katika somo moja inaweza kumletea mhitimu wake barua ya kukataliwa siku anapoomba mtihani. Kabla hujalipa ada, fungua katalogi ya shule uyatafute masomo haya kwa majina yake.

Masomo haya hayabadiliki kwa sababu ya mkondo. Anayesoma afya ya akili anayahitaji sawasawa na mwenzake wa familia. Mgonjwa anayepewa lithiamu lazima apimwe figo, tezi ya shingo na kiwango cha dawa kwenye damu. Anayepewa dawa za saikosisi za kizazi kipya lazima afuatiliwe uzito, sukari na mafuta mwilini. Ni daktari wa akili au PMHNP ndiye atakayeulizwa figo zikifeli.

Huduma ya msingi au mgonjwa mwenye hali tete

Katika kundi la watu wazima na wazee, na katika kundi la watoto, kuna mpasuko wa pili. Upande mmoja ni huduma ya msingi: kinga, presha, kisukari, pumu iliyotulia, maradhi madogo ya ghafla. Upande wa pili ni mgonjwa mwenye hali tete, inayoweza kubadilika ndani ya saa moja: sepsisi, mashine ya kupumulia, dawa za kupandisha presha zinazoingia kwa dripu. Kwa watu wazima na wazee, AGPCNP ni wa upande wa kwanza, AGACNP wa upande wa pili. Kwa watoto, PNP nao wamegawanyika hivyo hivyo. FNP, licha ya jina lake kubeba umri wote, ni huduma ya msingi tu.

Kosa kubwa zaidi katika kuchagua mkondo linafanyika hapa. Mtu amefanya kazi ICU miaka mitano, anapenda ICU, anataka kuendelea na ICU. Rafiki anamwambia chukua FNP, inafungua milango yote. Anamaliza, anaomba kazi ya NP kwenye ICU ile ile, na kamati ya hospitali inamkatalia. Wala si kwamba hajui ICU. Pengine anaijua kuliko wengi. Ni kwamba uzoefu ule aliupata kama RN, akitekeleza maagizo. Elimu yake ya NP haikumfundisha wala kumpima katika kuamua mgonjwa awekwe mrija wa kupumulia lini, au dawa ya kupandisha presha ibadilishwe vipi. Likitokea kosa, wakili wa upande wa pili atafungua mtaala wake na kuuliza: hili ulisomea wapi? Bodi ya jimbo itauliza hivyo hivyo.

Kinachopima mpaka huu ni mahitaji ya mgonjwa. Jengo halihesabiki. FNP anaweza kufanya kazi ndani ya hospitali, kwa mfano kliniki ya wagonjwa wa nje iliyomo humo. AGACNP anaweza kufanya kazi kwenye kliniki ya wataalamu wa moyo wanaofuatilia wagonjwa wazito. Idara ya dharura ndiyo sehemu ngumu kwa sababu inapokea aina zote mbili: mtoto mwenye sikio linalouma na mzee mwenye mshtuko wa moyo, mlango mmoja. FNP wengi wako huko upande wa maradhi mepesi, na kipo cheti cha ziada cha dharura kwa FNP wenye maandalizi hayo. AGACNP akiwa hapo hapo hawezi kumgusa yule mtoto.

Basi jiulize hivi: ukiamka saa kumi na moja alfajiri, unataka kwenda kumwona mgonjwa gani? Mwenye jibu la ICU asome AGACNP, hata kama shule ya jirani inatoa FNP pekee. Ambaye jibu lake ni familia nzima, bibi hadi mjukuu, FNP ndiyo yake, na ajue saa zake za kliniki zitagawanywa kati ya watu wazima, wazee, watoto na wanawake. Mgawanyo huo unaufanya mkondo huu kuwa mpana na pia mwembamba: hakuna kundi utakalokaa nalo kwa kina.

Afya ya akili

PMHNP inahudumia umri wote, kuanzia mtoto mwenye shida ya utulivu darasani hadi mzee anayepoteza kumbukumbu. Mwanafunzi lazima afundishwe pia tiba ya mazungumzo, angalau mbinu mbili, pamoja na dawa. Mahitaji ni makubwa, na kazi nyingi hufanyika kwa video, jambo linalovutia wenye watoto wadogo.

Kwa muuguzi anayezungumza Kiswahili mkondo huu una uzito wa pekee. Wakimbizi wa Kongo na Burundi walio Marekani, wengi wao hawana neno la Kiingereza la kueleza kukosa usingizi, moyo kwenda mbio au sauti za usiku. Hata kwa Kiswahili, mtu husema "nina mawazo mengi" au "kichwa kinajaa", na mkalimani asiyezoea huitafsiri kama kufikiri tu. Mtoa huduma anayesikia lugha hiyo moja kwa moja anaokoa miezi.

Mipaka nayo iko wazi. PMHNP hatibu kisukari cha mgonjwa wake, hata akijua dozi. FNP naye anaweza kutibu sonona ya kawaida na wasiwasi, ambayo ni sehemu ya huduma ya msingi, lakini kujitangaza kliniki ya akili na kubeba wagonjwa wa skizofrenia ni kuvuka uzio.

Usingizi, ukunga na mingine

CRNA ndio mkondo mgumu kuliko yote na unaodai maandalizi mapema. Unahitaji angalau mwaka mmoja wa kazi ya kudumu kwenye uangalizi wa wagonjwa mahututi kabla ya kuanza, na waombaji wengi wanaopata nafasi wana zaidi. Wadi ya kawaida haihesabiwi. Tangu Januari 2022 anayeanza masomo haya lazima awe kwenye programu ya shahada ya uzamivu, ya miaka mitatu. Ndani yake kuna saa za kliniki zisizopungua 2,000 na wagonjwa wasiopungua 600 aliowapa usingizi au ganzi mwanafunzi mwenyewe. Kufanya kazi huku unasoma hakuwezekani, na shule nyingi zinakataza waziwazi. Panga fedha za nyumba kwa miaka yote mitatu kabla hujaacha kazi. Hapa sheria ya mikopo ya 2025 inauma: mkopo wa serikali wa Grad PLUS unafungwa kwa wakopaji wapya kuanzia 1 Julai 2026, na kiwango cha kawaida cha uzamili ni dola 20,500 kwa mwaka, huku programu zinazohesabiwa za kitaaluma zikipewa 50,000. Uliza ofisi ya mikopo ya shule, kwa maandishi, programu yako imewekwa kundi gani.

CNM ni ukunga wenye mamlaka ya kuandika dawa. Mama mjamzito, uzazi, uzazi wa mpango, magonjwa ya wanawake, na mtoto mchanga katika siku 28 za mwanzo. Mkunga wa Afrika Mashariki aliyezalisha mamia ya wanawake huhisi yuko nyumbani, ila lazima apite programu yenye ithibati ya ACME na mtihani wa AMCB kama mwingine yeyote. WHNP ni wanawake bila kuzalisha. Ajira zake ni chache kuliko za FNP, kwa sababu kliniki ndogo hupendelea mtu mmoja anayeweza kuona wote. NNP anahudumia watoto wachanga hadi umri wa miaka miwili, na programu nyingi zinadai miaka miwili ya kazi ya RN kwenye wodi ya watoto wachanga mahututi.

CNS haimtibu mgonjwa mmoja mmoja tu. Kazi yake ni kuinua ubora wa wodi nzima: kwa nini vidonda vya kulalia vimeongezeka, wauguzi wanakosea wapi kwenye dripu, mwongozo ubadilishwe vipi. Haki yake ya kuandika dawa inatofautiana sana kati ya majimbo.

Saa za kliniki, na nani anazitafuta

Kwa miaka mingi kiwango cha chini kwa NP kilikuwa saa 500. Viwango vya kitaifa vya 2022 vilipandisha hadi 750, zote za kumhudumia mgonjwa halisi. Mazoezi ya kuigiza hayajazi hesabu hiyo. Piga hesabu na ratiba yako. Kwa saa 16 kwa wiki, yaani siku mbili, 750 ni wiki 47. Kwa saa 24 ni wiki 31 na kidogo. Muhula una wiki 14 au 15, kwa hiyo siku mbili kwa wiki ni mihula zaidi ya mitatu. Kliniki nyingi hufunguliwa Jumatatu hadi Ijumaa mchana. Anayefanya zamu za saa 12 mchana katikati ya wiki lazima ahamie usiku au wikendi, na anayetoka zamu ya usiku asiende kliniki asubuhi ile ile. Kuandika dawa ukiwa na usingizi ni hatari kwa mgonjwa.

Saa hizo zinasimamiwa na NP au daktari aliyekubali kukufundisha, na kumpata ndiko kunakovunja ratiba za watu. Shule nyingine hukutafutia. Nyingine hukuachia jukumu lote. Hata ukimpata, lazima shule na kliniki yake zisainiane mkataba, na hilo linaweza kuchukua wiki kadhaa hadi miezi. Usipokuwa na msimamizi muhula unapoanza, unaahirisha muhula mzima, na kwa kuwa masomo hufuatana, wakati mwingine unasubiri mwaka. Anza kutafuta miezi sita kabla. Msimamizi awe wa kundi lako: saa alizokusimamia mtaalamu wa moyo wa watu wazima hazijazi pengo la watoto katika FNP.

Kabla ya kujiandikisha, iulize shule haya na usikubali majibu ya mdomo: Je, shule inatafuta wasimamizi au mwanafunzi? Asipopatikana, shule inafanya nini? Wangapi kati ya wahitimu walifaulu mtihani wa cheti kwa mara ya kwanza? Inaruhusiwa kufundisha mkazi wa jimbo langu?

Swali la mwisho lina mtego kwa masomo ya mtandaoni. Ruhusa inafuata mahali ulipo unaposoma. Ukihama jimbo katikati ya masomo, shule inaweza kukosa ruhusa huko uendako na ukasimamishwa. Aliyeko kwa viza ya mwanafunzi, F-1, ajue zaidi: somo moja tu la mtandaoni kwa muhula ndilo linaloweza kuhesabiwa katika mzigo wake wa masomo, hivyo programu ya mtandaoni mtupu haimfai kabisa.

Jimbo linaamua uhuru wako

Cheti ni cha taifa, kazi ni ya jimbo. Minnesota, NP mpya hufanya kazi saa 2,080 chini ya ushirikiano kisha anajitegemea. Washington na Massachusetts pia wamempa uhuru kamili. Texas, ambako Wakenya na Wakongo ni wengi, NP anahitaji makubaliano na daktari ili aandike dawa. Mwenye ndoto ya kufungua kliniki yake ajue hilo kabla ya kununua nyumba. Na leseni ya RN inayotambulika katika majimbo mengi haibebi hadhi ya NP. Kila jimbo utaomba upya.

Ukishachagua vibaya

Kuna njia ya kurekebisha: cheti cha baada ya uzamili. Mwenye FNP anayetaka PMHNP harudii MSN. Shule inachukua transkripti yake na kuilinganisha na mahitaji ya mkondo mpya, kisha inampa orodha ya kilichopungua. Masomo matatu ya msingi kwa kawaida yanakubaliwa, ingawa shule nyingine hukataa famakolojia iliyosomwa zamani. Kisichosamehewa ni saa za kliniki za kundi jipya. Mtihani wenyewe wa PMHNP, tofauti na kiwango cha programu cha 750, unadai angalau saa 500 ndani ya afya ya akili, hata kama umefanya kazi ya FNP miaka minane.

Omba ulinganisho huo upewe kwa maandishi na saini ya mkuu wa programu kabla ya kulipa. Ukimaliza, hakikisha transkripti imetaja jukumu na kundi kwa maneno kamili. Iliyoandikwa "cheti cha uzamili cha uuguzi" pekee hurudishwa, na wewe unakaa bila mtihani huku ofisi ya usajili ikiitengeneza upya.